Msala, Kisima na Shamba: Rutuba Inayozikwa Mchangani Matondoni

Matondoni hujulikana kwa mambo mawili: majahazi yanayoundwa ufuoni mwake na mikeka inayosukwa na wanawake wake. Liko la tatu ambalo hatuwaambii wageni, na hata baina yetu hatulizungumzi sana. Kijiji hiki, kama vijiji vyote vya kisiwa cha Lamu, kimekaa juu ya mchanga, na ndani ya mchanga huo mna vitu viwili vilivyokaribiana kuliko inavyostahili: maji ya visima vyetu na mashimo ya misala yetu. Makala haya yanauliza iwapo kile tunachokizika pale kingeweza kupelekwa mahali penye manufaa, yaani shambani, na iwapo Sharia na afya vinaturuhusu kufanya hivyo.

Najua wako watakaokunja uso, kwa kuwa neno la msala si neno la kusomwa penye sinia ya chakula. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwafundisha Masahaba wake adabu za haja kubwa na ndogo kama alivyowafundisha Sala, na Salman al-Farsi alipokejeliwa kwa sababu hiyo hakuona haya kukiri kwamba ndivyo walivyofunzwa. Basi nasi tusione haya.

Tuanze na maji. Mvua ya masika inaponyesha juu ya kisiwa hupenya mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, hukaa juu yake kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyoulisha mji wa Lamu kwa hazina hiyo. Kisima kikivutwa mno, chumvi hupanda kutoka chini. Hilo kila mwanamke aliyepata kuchota maji analijua kwa ulimi wake. Linalojulikana kwa uchache ni lile linaloshuka kutoka juu. Mchanga hauchuji kama udongo wa mfinyanzi: hupitisha upesi, na kila kiingiacho shimoni kilicho chepesi kuyeyuka hufuata njia ya maji. Miongozo ya afya hutaka choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 angalau, na kitako chake kiwe juu ya usawa wa maji kwa mita moja na nusu. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana, ambapo ukuta wa jirani ndio ukuta wako, atapimaje mtu mita 30 bila kuingia ua wa watu watatu?

Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa maji yakichemshwa, na mama wengi huchemsha. Lakini mkojo una naitrojeni, na naitrojeni ikikaa ardhini hugeuka kuwa chumvichumvi iitwayo naitreti, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiondoki kwa moto. Kuyachemsha maji kunaizidisha, kwa sababu maji hupungua na yenyewe hubaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa kila lita ya maji ya kunywa, na sababu kubwa ya kikomo hicho ni watoto wachanga. Mtoto wa miezi michache anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kupoteza uwezo wa damu yake kubeba hewa. Midomo na kucha hugeuka samawati, na asipowahiwa hufa. Anayenyonya maziwa ya mamake pekee ameepushwa na hatari hiyo.

Ajabu ni kwamba naitrojeni hiyo inayomdhuru mtoto kisimani ndiyo ambayo mchicha wa mamake unaililia bustanini.

Kila Mjaalie Apimacho

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mzima hutoa takribani lita 500 za mkojo kwa mwaka, na kilo 50 hivi za kinyesi. Wataalamu waliokadiria kwa kufuata chakula cha watu wa Uganda, kisicho mbali sana na chetu, walipata kwamba mtu mmoja hutoa kilo 2.5 za naitrojeni kwa mwaka, na kati ya hizo kilo 2.2 zimo ndani ya mkojo. Fosforasi ni kama gramu 400, na sehemu kubwa yake pia imo mkojoni. Kinyesi, ambacho ndicho kinachobeba takriban maradhi yote, kina rutuba chache. Mkojo, wenye maradhi machache, umebeba takriban rutuba yote. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa jambo hili zima, na mtu akisahau yote mengine ya makala haya, na aikumbuke hiyo.

Sasa chukua nyumba ya watu sita. Mkojo wao wa mwaka mmoja una kilo 13 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN, yenye asilimia 26 ya naitrojeni, una kilo 13. Yaani kila nyumba ya watu sita hapa Matondoni humwaga mfuko mmoja wa mbolea mchangani kila mwaka, karibu na kisima. Kweli, kiasi fulani hupotea hewani kama hakikufunikwa vizuri, lakini kinachobaki si haba. Serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku Septemba 2022, mfuko uliuzwa kwa shilingi 3,500, na mwaka uliofuata bei ikashushwa hadi 2,500. Hiyo ni bei ya bara. Mfuko wetu hauna budi kuvuka bahari kutoka Mokowe, kisha upande juu ya punda, na kila mkono unaougusa njiani una ujira wake.

Wanachosema Wanavyuoni

Pingamizi la kwanza atakalolitoa bibi yeyote wa pwani ni najisi, naye ana haki. Hadithi ya makaburi mawili twaijua sote, na mmoja wa walioadhibiwa humo alikuwa hajikingi na mkojo. Haifai kulirukia jambo hili kwa kusema tu kwamba wazungu wamepima.

Lakini tazama tulipo tayari. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu huku pwani, kinyesi cha kila mnyama ni najisi, akiwa ni wa kuliwa au si wa kuliwa. Samadi ya mbuzi ni najisi. Samadi ya ng'ombe ni najisi. Ya punda, ambayo Lamu haijapata kuikosa hata siku moja, ni najisi. Nayo imetiwa mashambani tangu enzi za mababu, na hakuna aliyeikataa biringani kwa sababu hiyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake al-Majmu' kwamba mmea uliomea juu ya najisi si najisi wenyewe. Sehemu iliyogusana na najisi ndiyo huoshwa, na tunda au punje iliyotoka juu yake ni tohara. Kutia najisi shambani kunajuzu, ingawa wapo walioliita makuruhu.

Madhehebu mengine yana mwendo wao. Wahanafi hukubali kwamba kitu najisi kikigeuka kabisa dhati yake hutoharika, kama kinyesi kilichogeuka udongo. Mashafi hawakubali hivyo ila katika mambo machache kama vile ngozi iliyodibaghiwa na mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Mahanbali wamekaza zaidi: mmea ulionyweshwa najisi hauliwi mpaka unyweshwe maji safi. Hata miongoni mwa Masahaba maoni hayakuwa mamoja. Imesimuliwa kwamba Saad bin Abi Waqqas alikuwa akiipelekea ardhi yake samadi ya binadamu, akiiona kuwa na thamani sawa na ngano. Na imesimuliwa kwamba Ibn Umar alikuwa hapendi ardhi yake itiwe kitu hicho. Mwenye kuwafuata Masahaba hawa, basi, ana nafasi ya kutumia na ana nafasi ya kujiepusha, wala mmoja asimlaumu mwenzake.

Yapo mambo mawili ambayo Mshafi hana budi kuyaangalia. La kwanza ni nguo na mwili: tone likimrukia, halisaliwi mpaka lioshwe. Hivyo kazi hii ina nguo zake na viatu vyake. La pili ni kuuza, kwa maana kitu najisi hakiuzwi katika madhehebu yetu. Linalowezekana ni mwenye nacho kuachia haki yake kwa mwenzake, hata kama ni kwa kitu. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa asiyeijua fiqhi, lakini kijiji kikitaka siku moja kuunda chama cha kukusanya na kugawa mbolea hii, mwalimu aulizwe kabla ya kuandikwa daftari la kwanza.

Kuhusu maji machafu yaliyosafishwa, Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudia liliamua mwaka 1398 Hijria, sawa na 1978, kwamba maji hayo yakisafishwa hata yakarudia rangi, ladha na harufu ya asili yake, huwa tohara, na kwamba kuyanywa kunategemea usalama wa afya.

Walikotangulia Wenzetu

Sanaa ya Yemen, ambako baadhi ya koo za pwani hii zina jamaa zao wa mbali na wa karibu, iliupanga mji wake mkongwe kwa hesabu ambayo leo tungeiita ya kitaalamu. Katika zile nyumba ndefu za ghorofa nyingi, mkojo na maji ya kuoga yalitelemka kwa mfereji wa nje ya ukuta, yakakaushwa na jua. Kinyesi kikaanguka peke yake ndani ya bomba refu la jengo hadi chumba cha chini. Kikikauka kilichukuliwa kwenye hamamu kuwa kuni za kuchemshia maji, na majivu yake yakapelekwa bustanini. Bustani zenyewe, ziitwazo makashimu, zilikuwa za wakfu wa misikiti, na zilinyweshwa kwa maji yaliyotumika kutawadhia. Hakuna kilichopotea ila moshi. Maji ya mabomba yalipoingia katika nyumba hizo mpango ukavurugika, kwa sababu ulitegemea ukavu.

Maskati ya leo hufanya vivyo hivyo kwa mashine. Maji machafu ya mji husafishwa na kunywesha miti ya barabarani, na tope linalobaki huchanganywa na majani yaliyokatwa, likaiva likawa mboji iitwayo Kala. Jamaa zetu waishio huko wanapopiga picha penye maua ya njiani, wajue yanakula nini.

Karibu zaidi kiko kisiwa cha Chumbe, Unguja, kilichoanza kupokea wageni mwaka 1998. Hakuna choo cha kuvuta maji pale: vyoo vyote ni vya kuozesha mboji, na maji ya kuogea hupita katika vitanda vya mimea inayopenda naitreti na fosfeti, isije rutuba hiyo ikaingia baharini na kuyaua matumbawe. Na Nairobi, katika mtaa wa Mukuru, kampuni ya Sanergy ilianza mwaka 2011 kuendesha vyoo vidogo ambavyo hutenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi hukusanywa, kikatengenezwa mbolea, na mabuu ya nzi weusi hulishwa sehemu yake kisha yakawa chakula cha kuku. Nakiri kwamba habari hii ya mabuu hainipendezi kuisoma kabla ya mlo, lakini kuku hawajalalamika.

Kwa maoni yangu, Mukuru haitufai sana kwa mfano, kwa sababu mpango wake unahitaji wakusanyaji wa kila siku na kiwanda. Chumbe yatufaa zaidi, na Sanaa zaidi ya Chumbe.

Tatizo la Maji ya Istinjaa

Vyoo vikavu vilivyobuniwa Ulaya vilibuniwa kwa watu wanaopangusa kwa karatasi. Sisi tunatumia maji, na maji yakiingia ndani ya chumba cha kinyesi huleta harufu na nzi, na mayai ya minyoo hayafi. Ndiyo sababu vyoo vingi vya namna hii vilivyojengwa miongoni mwa Waislamu na mafundi wasiouliza viligeuzwa stoo. Jawabu lilipatikana Kerala, India, ambako tangu katikati ya miaka ya 1990 vimejengwa vyoo kwa ajili ya watu wanaotawaza kwa maji. Sakafu ina sehemu tatu: tundu la kinyesi, bakuli la mkojo kwa mbele, na mahali pa kustanjia ambapo mtu husogea hatua moja. Maji ya istinjaa hayachanganyiki na chochote. Huenda kwenye kitanda cha changarawe na udongo kilichopandwa migomba. Hili la mgomba nyuma ya msala, bibi zetu hawakungoja Kerala kuwafundisha.

Chini huwa na vyumba viwili vilivyo juu ya ardhi, si shimo. Kimoja hutumika mpaka kijae, kila mara kikinyunyizwa majivu makavu ya kuni; kisha hufungwa na cha pili kikafunguliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 wasema kwamba katika nchi ya joto kama yetu, kinyesi kisichotiwa kitu kingine kisiguswe kwa zaidi ya mwaka mzima. Kikitiwa majivu au chokaa ya kutosha hata ukali wake ukapanda na kubaki hivyo, miezi sita yaweza kutosha. Chokaa ya matumbawe iliyojenga nyumba za Lamu haijasahaulika, na mafundi wake wapo. Hata hivyo ningeshauri mwaka mzima, na mboji itakayotoka ipelekwe kwenye minazi, miembe na migomba tu. Mayai ya mchango, yaani yule mnyoo mrefu wa tumboni, ni magumu ajabu. Yanaweza kukaa udongoni miaka, na wanaocheza udongoni ni watoto wetu.

Mkojo ni rahisi zaidi. Huwekwa katika mtungi wa plastiki wa lita 20 uliofungwa kikiki, usipoteze rutuba hewani. Ukikaa humo ukali wake hupanda wenyewe na kuviua vijidudu. Kwa bustani ya nyumba inayolisha watu wa nyumba hiyo hiyo, mwongozo hauhitaji hata kuuhifadhi, mradi upite mwezi mmoja kati ya kutia na kuvuna. Kwa mboga zitakazouzwa au kuliwa na wengine, miezi sita mtungini. Mgonjwa anayetumia dawa kali, na yeyote anayekojoa damu, asichangie. Huchanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu au zaidi, hutiwa katika kijishimo kando ya shina na kufukiwa mara moja. Usinyunyize juu ya majani kamwe. Lita moja na nusu ya mkojo hutosha mita moja ya mraba kwa msimu mzima, na katika mchanga wetu usioshika kitu heri kugawa kiasi hicho mara nne au tano kuliko kukitia kwa mpigo kikateremka kisimani, tukawa hatukufanya lolote ila kukizungusha.

Mkojo una chumvi, na maji yetu mengi yana chumvi tayari. Wakati wa kutia ni masika, mvua iipunguze chumvi, si kaskazi kavu. Mnazi huvumilia chumvi, mchicha si haba, lakini maharagwe huungua. Na kila kiliwacho kibichi kiachwe kabisa: nyanya, vitunguu na pilipili hoho za kachumbari zikuzwe kwa samadi iliyoiva ya mbuzi au kwa mabaki ya jikoni.

Nani atabeba mtungi? Katika mikutano mingi ya maendeleo swali hilo huachwa mpaka mwisho, kisha hujibiwa kimya kimya: mwanamke, ambaye tayari anabeba maji, kuni na mtoto. Nyumba isiyokubaliana kwanza kwamba mume na vijana wa kiume watashika kazi ya kufungua chumba na kubeba mtungi, isijenge. Na auzaye mboga zake amwambie mnunuzi alivyozikuza. Anayechukizwa ana haki ya kununua kwingine, na kumficha si amana.

Kwa nyumba isiyo na fedha za kujenga, au ambayo roho yake bado inasita, lipo la kuanzia lisilo na shaka yoyote. Maji yaliyotumika kutawadha ni tohara kwa Mashafi, ingawa hayawezi tena kumtoharisha mtu. Hayana najisi, hayana chumvi ya mkojo, na kila msikiti huyamwaga mara tano kwa siku. Kamati ya msikiti ikiutenga mfereji wa hodhi ya udhu na ule wa misala, maji hayo yaweza kunywesha safu ya migomba na mipapai ya wakfu kama ilivyokuwa Sanaa, kwa gharama ya mabomba machache na siku mbili za fundi.

La haraka zaidi ni kupima. Viko vijikaratasi vya kupimia naitreti, vinavyochovywa majini na kubadili rangi kwa dakika chache, na kina mama wa Matondoni wanaweza kumwomba afisa wa afya ya jamii aje navyo na kukipima kila kisima kinachonywewa, mara moja kabla ya masika na mara moja baada yake. Hadi majibu yatakapopatikana, maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yakorogwe kwa maji ya mvua kutoka jabia safi, yaliyochemshwa, na si kwa maji ya kisima.